Kuishi ndani ya boti nyembamba katika mifereji ya Uingereza: mdogo wangu anunue au asubiri?

Mwalimu wa Mikindani aliandika:

Waungwana, nawasalimu kutoka Mikindani, Mtwara. Naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili kwa kuliishi, hususan ndugu zetu wa Kusini waliohamia Uingereza, kwa kuwa hapa nyumbani sijampata wa kunijibu kwa uhakika.

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi katika jiji la Birmingham. Kodi ya nyumba humla sehemu kubwa ya mshahara, na sasa amekusudia kununua mojawapo ya zile boti ndefu nyembamba za chuma zinazopita katika mifereji ya kule, aishi humo mwaka mzima. Ametutumia picha za boti yenye urefu wa mita 17 hivi na upana unaozidi mita 2 kwa kiasi kidogo sana, na ndani yake mna jiko la kupikia, kitanda, bafu na jiko dogo la chuma la kuotea moto. Anaomba familia imwongezee fedha kutokana na mauzo ya korosho ya msimu uliopita, naye atarejesha kidogo kidogo. Mama hajakubali wala hajakataa. Baba yake Mama alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa likipakia mizigo Kilwa, na kwa jinsi alivyolelewa, mtu hulala chomboni kwa sababu safari haijaisha, wala si kwa kukosa kwao.

Mdogo wangu anasema ipo leseni ambayo haimlazimu mwenye boti kulipia mahali pa kudumu pa kuegesha, mradi awe anasogea, na hiyo ndiyo nafuu anayoitegemea. Je, nafuu hiyo ipo kweli kwa mtu anayefanya kazi kwa zamu, mchana wiki hii na usiku wiki ijayo? Na hatari zake ni zipi, kwa maana ya moto, baridi na kuzama? Hatimaye, mnunuzi ambaye si fundi atajuaje kwamba chuma cha chini hakijaliwa na kutu kabla hajatoa fedha?

Mwana wa Kitunda alijibu:

Mwalimu, nimefurahi kuona swali hili likiulizwa kwa Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, na naishi ndani ya boti ya aina hiyo katika eneo la kati la Uingereza, nikiwa na leseni hiyo hiyo unayoitaja. Nayapenda maisha haya, nami nitakueleza kwa upana ili familia iamue ikiwa na picha kamili.

Kwanza, ufahamu maji yenyewe. Usiifikirie Ruvuma wala Lukuledi, ambako maji hujaa masika na michanga ikatokeza kiangazi, wala usifikirie bamvua na maji mafu. Mifereji hii ilichimbwa kwa mikono ili kubeba makaa ya mawe, udongo wa vyungu na bidhaa za viwandani. Ule wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa Manchester, ndio uliowasha hamasa ya uchimbaji nchini kote. Panapokuwa na mwinuko huwekwa loki, yaani chumba cha maji chenye milango pande mbili, ambamo boti huingia, ikafungiwa, kisha maji yakaongezwa au kupunguzwa hadi yalingane na ngazi inayofuata. Mhandisi James Brindley na wenzake walizijenga loki za eneo la kati zikiwa na upana wa mita 2.1 hivi, na boti zikaundwa kwa kipimo hicho; ndiyo sababu hadi leo nyumba ya mdogo wako itakuwa na upana wa ukumbi mwembamba, hata angekuwa na fedha za kununua kubwa zaidi. Biashara ya mizigo iliuawa na reli, kisha malori, na baridi kali ya 1962 kuingia 1963, iliyogandisha mifereji kwa majuma mengi, ikammaliza aliyekuwa bado anajikongoja. Tangu 2012 sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza na Wales, kilomita 3,200 hivi, inasimamiwa na shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust.

Sasa leseni, na hapa naomba umsomee mdogo wako neno kwa neno. Sheria ya British Waterways ya mwaka 1995 inaweka njia mbili: ama mwenye boti awe na mahali pa kudumu pa kuegesha, ama alithibitishie shirika kwamba boti itatumika kwa safari ya kweli muda wote wa leseni, bila kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa sababu ya msingi kama ugonjwa, kuharibika kwa injini au maji kuganda. Wengi huisikia siku 14 na kudhani kwamba wataruka kutoka kituo kimoja hadi cha pili na kurudi, mwaka mzima, karibu na kazi zao. Haitoshi. Wakaguzi hupita wakiandika namba za boti, na shirika limetamka kwamba boti isiyovuka masafa ya kilomita 32 hivi katika kipindi cha leseni ni vigumu sana kuhesabiwa kuwa imesafiri. Anayeonekana hasogei ipasavyo huweza kupewa leseni ya miezi sita tu badala ya mwaka, na akiendelea hunyimwa kabisa, na mwisho wa njia hiyo ni boti kuondolewa majini. Zaidi ya hayo, tangu Aprili 2024 wasio na mahali pa kudumu hutozwa nyongeza juu ya ada ya kawaida ya leseni, na nyongeza hiyo imepangwa kupanda mwaka hadi mwaka.

Je, mtu wa zamu anaweza? Birmingham ina bahati yake. Jiji hilo lina mtandao wake wa mifereji unaozidi kilomita 160, na kutoka katikati ya jiji, penye bwawa la Gas Street, mfereji wa Worcester na Birmingham huelekea kusini zaidi ya kilomita 20 bila kukutana na loki ya kufungua, ukipita jirani na chuo kikuu na hospitali kubwa ya upande huo, hadi unapofika Tardebigge, ambako loki 30 hukungoja zikiwa zimefuatana. Ukifika Kings Norton unaweza pia kukata kuelekea Stratford. Kwa hiyo mtu akiwa na baiskeli nzuri na akapanga safari zake kwa kalenda, anaweza kusogea siku za mapumziko na kufika kazini. Lakini azingatie kwamba mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 6.4 kwa saa, na aliyetoka zamu ya usiku hawezi kuendesha boti salama katika handaki la Wast Hills, lenye urefu unaokaribia kilomita 2.5 na giza tupu, akiwa na usingizi. Tena kuanzia Novemba hadi Machi loki kadhaa hufungwa kwa matengenezo, hivyo ratiba ya ufungaji inapaswa kusomwa mapema kama baharia asomavyo upepo. Hata kiangazi hakina uhakika: kila boti inayopita loki nyembamba hushusha maji yanayozidi lita 100,000, na mwaka 2025 mabwawa yalipopungua kwa ukame, sehemu ndefu za mifereji zilifungwa na watu wakakwama mahali walipokuwa.

Kuhusu hatari, msiyaogope maji peke yake. Kina cha mfereji kwa kawaida ni cha kusimama mtu mzima. Kinachotisha ni hewa ya kaboni monoksidi kutoka jiko la makaa au injini, kwa kuwa haina harufu wala rangi na chumba ni kidogo. Tangu 2019 king'ora cha kuitambua hewa hiyo ni sharti la cheti cha usalama, ambacho boti hukaguliwa upya kila miaka minne. Mitungi ya gesi ni lazima ikae katika kisanduku chake, kwa kawaida omo, yaani mbele ya boti, chenye tundu la kutolea hewa nje ya boti, maana gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini ikingoja cheche. Mdogo wako asiruhusu fundi yeyote wa mtaani kuigusa mipira ya gesi hiyo.

Kuzama kupo, na hutokea zaidi ndani ya loki wakati wa kushuka. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha jiwe au zege ambacho hakionekani chumba kikiwa kimejaa. Ikiwa tezi ya boti, yaani sehemu yake ya nyuma, imekaa juu ya kizingiti hicho wakati maji yanapungua, tezi hubaki juu na omo huzama, na dakika chache zinatosha kuimaliza boti. Ukutani pamechorwa mstari mweupe. Boti ikae mbele ya mstari huo, mwendeshaji asiondoe macho, na anayefungua maji asimamie hapo hapo tayari kuyafunga. Anayesafiri peke yake, kama atakavyokuwa mdogo wako, afundishwe jambo hili na mtu mzoefu.

Naongeza jambo moja ambalo halimo katika maswali yako. Huko Wales kuna daraja la maji la Pontcysyllte, lililokamilika mwaka 1805, ambalo hubeba mfereji ndani ya sanduku la chuma mita 38 juu ya mto Dee, na upande mmoja hauna hata kizuizi cha kushika. Nilipolipita, nikiwa nimeshika kana ya usukani na kuona vilele vya miti chini yangu, nilielewa kwa nini watu huvumilia usumbufu wote huu. Mwambieni Mama kwamba mvuto anaouona binti yake si wa kodi peke yake.

Fundi wa Shangani alijibu:

Shikamoo kwa wakubwa wote, na wewe Mwalimu pokea salamu. Nimefanya kazi melini na sasa natengeneza boti za chuma hapa Mtwara, kwa hiyo nitajibu swali la kutu.

Boti nyingi za aina hiyo zilizoundwa katika miongo ya karibuni zina bamba la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 juu, ingawa za zamani huwa nyembamba zaidi. Picha hazionyeshi lolote katika hayo. Ni lazima boti itolewe majini, ikwanguliwe, na mpimaji wa kujitegemea, aliyelipwa na mnunuzi na si na muuzaji, apime unene wa bamba kwa chombo cha mawimbi ya sauti, sehemu nyingi, hasa penye mstari wa maji, chini ya tezi na kwenye kona ambako ubavu unakutana na sakafu. Wastani usimdanganye mtu: kutu ya vishimo huweza kubakiza bamba zima likiwa nene na tundu moja likiwa limekaribia kutoboka. Kampuni za bima nyingi husita pale unene unapofika chini ya milimita 4, na ndipo mwenye boti hulazimika kuchomelea bamba jipya juu ya la zamani, jambo linalogharimu fedha nyingi na kuongeza uzito.

Ulinzi wake ni wa aina mbili. Chini hupakwa lami maalumu kila baada ya miaka miwili au mitatu, kazi ileile ambayo wazee wetu waliifanya kwa shahamu na chokaa walipopandisha jahazi pwani. Pia huchomelewa vipande vya madini laini vinavyokubali kuliwa ili bamba lisiliwe. Sisi wa bahari ya chumvi hutumia zinki, lakini kwa maji baridi yafaa magnesiamu, na boti iliyofungwa zinki katika mfereji ni kama haina kinga. Mdogo wako akitumia umeme wa gatini, ahakikishe kuna kifaa cha kuzuia mkondo mdogo unaopita katika waya wa ardhi kati ya boti na boti, kwa kuwa mkondo huo hula chuma kimyakimya.

Halafu afungue ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambamo maji hutuama, aitazame. Maji machache chini ya shafti si ajabu, kwa kuwa penye pakingi ya rafadha, yaani panga linalosukuma boti, hudondoka, lakini ngama iliyojaa mafuta na maji ni ushahidi wa mmiliki asiyejali. Boti hizi zina mfuniko juu ya rafadha, unaofunguliwa kwa ndani ili kukata matambara na waya zilizojisokota. Mfuniko huo ukirudishwa bila kubanwa, injini ikawashwa, rafadha itasukuma maji ndani na chombo kitazama pale pale gatini. Auguse kila mara kabla ya kuondoka.

Mama Nyangao alijibu:

Kaka Mwalimu, mimi na mume wangu tuliishi ndani ya boti nyembamba kabla ya mtoto wetu kuanza shule, kisha tukahamia nchi kavu. Ninakubaliana na Mwana wa Kitunda kuhusu sheria na usalama, ila nadhani amelipita haraka suala la gharama, na hilo ndilo mdogo wako analolitegemea.

Kodi ya nyumba huisha, ni kweli, lakini mahali pake huingia leseni, bima, cheti cha usalama, lami, dizeli, gesi, makaa na magogo, na betri ambazo hufa zikiachwa ziishe chaji mara kwa mara. Sola husaidia sana Juni. Desemba, jua likiwa limelala chini na siku ni fupi, haitoi cha kutegemea, na utalazimika kuwasha injini ili kupata umeme. Tena boti hainunuliwi kwa mkopo wa kawaida wa nyumba, na thamani yake kwa kawaida haipandi kama ya kiwanja. Kwa mtu mwenye nidhamu bado ni nafuu kuliko kupanga katikati ya jiji, lakini nafuu hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyoitangaza, na mwaka wa kubadilisha injini haipo kabisa.

Kuna pia kazi ya mikono isiyoisha. Maji ya kunywa hujazwa katika tangi kwa mpira kwenye vituo vyake; choo cha kawaida ni cha kisanduku, ambacho mtu hukibeba mwenyewe hadi mahali maalumu pa kumwaga; na jiko la makaa huhitaji kutolewa majivu kila asubuhi. Mtu anayerudi kutoka wodini baada ya zamu ya muda wa saa 12 akakuta moto umezimika na boti imekuwa barafu atahitaji moyo. Unyevu nao haupumziki: pumzi, upishi na nguo zinazokaushwa ndani hugeuka maji kwenye madirisha na nyuma ya godoro, na ukungu ukishaota hautoki kwa kufuta. Aangalie kama kuta zimepuliziwa povu la kuzuia baridi, maana boti za zamani zilizowekewa vipande vya povu jeupe zina nafasi za unyevu kujificha.

Suala la anwani lishughulikiwe mapema. Kujiandikisha kwa daktari hakuhitaji uthibitisho wa makazi, lakini benki na mwajiri watauliza, na kama yupo kwa viza ya kazi apate ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji juu ya anwani atakayoiandika. Mwisho, Uingereza haina daftari la lazima la umiliki wa boti hizi kama lile la ardhi. Leseni si hati ya umiliki. Adai hati ya mauzo, risiti za wamiliki waliotangulia, na uthibitisho kwamba hakuna mkopo unaodaiwa juu ya boti hiyo, kabla senti moja ya korosho haijavuka bahari.

Mwalimu wa Mikindani aliandika:

Nawashukuru sana, Fundi, Dada Mama Nyangao na ndugu yangu wa Kitunda. Jana niliwasomea nyumbani majibu haya yote kwa sauti, na mdogo wangu alikuwa akisikiliza kwa simu. Amekiri kwamba hakuwa ameisoma sheria ya 1995 na kwamba zamu zake hupangwa wiki chache tu mbele, hivyo hawezi kuahidi atasogea lini. Mama ameuliza swali moja: kwa nini asitafute mahali pa kudumu pa kuegesha kwanza, akaishi hapo kama mtu aishivyo nyumbani kwake, kisha akasafiri wakati wa likizo?

Mwana wa Kitunda alijibu:

Shikamoo zangu zimfikie Mama. Swali lake ndilo ambalo ningependa kila mnunuzi aanze nalo.

Inawezekana, isipokuwa sehemu nyingi za kuegesha zimeruhusiwa kwa boti za mapumziko tu, na mkataba hukataza kulifanya eneo hilo kuwa makazi ya pekee. Zile zenye kibali cha makazi kutoka halmashauri ni chache, zina orodha ya wanaosubiri, na mkazi anaweza kutakiwa kulipa kodi ya halmashauri kama mwenye nyumba. Basi mdogo wako aanze kwa kuandika majina yake katika orodha za maeneo yanayofikika kwa baiskeli kutoka hospitalini, aulize kwa maandishi kama makazi yanaruhusiwa, na asikubali jibu la mdomo la kwamba "hakuna atakayejali". Aulize pia urefu wa juu unaokubalika, maana boti ya mita 17 ikinunuliwa kabla ya nafasi ya mita 15 kupatikana, itakuwa haina pa kulala.

Wakati anasubiri, akodi boti kwa wiki moja. Wapo wakodishaji wanaofanya kazi hata miezi ya baridi, na nashauri achague Januari au Februari, aende kazini kutoka humo angalau zamu mbili, ajaze maji mwenyewe, amwage choo mwenyewe, na alale na moto wa makaa. Iwapo baada ya hapo bado anaitaka, ampigie simu mpimaji, kisha fedha za korosho zitumwe kwa mafungu: la kwanza kwa ajili ya upimaji, na lililobaki baada ya familia kuisoma ripoti pamoja na Fundi wa Shangani, ambaye naamini hatakataa kuipitia. Mimi mwenyewe nitakuwa karibu na Birmingham majira ya kuchipua, na nitampitisha katika loki za Tardebigge hadi aweze kushuka peke yake.